Picha Yenye Tundu

Ukutani kwetu, pale Koboko, West Nile, palining'inia picha ya harusi yenye tundu. Mama amekaa kwenye kiti, amevaa kitenge kipya, mikono ameibana mapajani, macho makali kama analinda kuku wasiingie jikoni. Nyuma yake amesimama mwanamume mwenye magwanda ya jeshi. Tarumbeta ameibana kwapani, mkono mmoja ameuweka begani kwa Mama, na kwenye mkono huo kuna saa kubwa inayong'aa. Juu ya kola hakuna kitu. Ukichungulia unaona udongo wa ukuta. Huyo ndiye baba yangu.

Nimekua nikimjua baba kwa vifungo vyake. Shuleni wenzangu wakisema baba yangu mrefu, baba yangu mweusi, mimi nilisema baba yangu ana saa. Nikajivunia ile saa, wee! Hata watoto wa matajiri wa tumbaku niliwatambia nayo. Sikuwa na kingine cha kutambia.

Nieleze lile tundu lilikotoka, maana wageni hudhani ni panya.

Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka, mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Baba alikuwa mpiga tarumbeta kwenye bendi ya jeshi. Hakuwahi kupewa kazi nyingine, hivyo ndivyo Mama anavyosema, na mimi nimeamua kumwamini, ingawa kuamini si tabia yangu. Bendi ilikuwa kusini, mbali, na Mama alikuwa Arua akimngoja. Redio ikaanza kupiga nyimbo tu bila mtu kusema. Kisha malori yakaanza kupita usiku na mchana kuelekea mpakani, yamejaa watu, magodoro na mbuzi. Baba hakuwemo. Mama akanitoa Arua kwa miguu hadi kwao Midia, kando ya Koboko, na Midia ikawa inafunga virago nayo.

Kila mtu alijua habari. Wanajeshi walioiangusha serikali walikuwa wakija kutoka kusini, wanapekua mizigo njiani, na ukikutwa na picha ya mtu wa magwanda, kwisha habari yako. Basi wanawake wa kwetu wakakaa chini kuchambua picha kabla hata ya kuchambua sufuria. Walio wengi walichoma. Mama hakuweza kuchoma. Jirani yetu naye hakuweza. Huyo jirani alikuwa mke wa mwanajeshi kama Mama, wamekaa kambi moja, wamegombana kambi moja. Wakatoa wembe mmoja, wakaupokezana, na hata hapo wakabishana.

Jirani alikata magwanda. Alisema nguo ndiyo inaua mtu, kichwa hakina kosa. Mama akakata uso.

"Nguo iko ya serikali," alimwambia. "Watu elfu walivaa. Lakini hii sura iko ya mutu mmoja tu. Wakiona sura, watatafuta yeye mupaka watapata."

"Wewe umepata wazimu," jirani akajibu. "Utabaki na magwanda ndani ya mzigo? Si ungebeba bunduki kabisa?"

"Na wewe utabeba vichwa?"

Akavibeba kweli, kwenye kopo la maziwa ya unga. Karibu na mpaka wakasimamishwa. Askari akafungua kopo, akamwaga vichwa vya wanaume kwenye kanga, akauliza hawa ni nani. Jirani, Mungu amlindie ulimi wake, akasema ni picha za paspoti, za watu wanaotaka kwenda kuhiji. Askari akazitazama moja moja, akamrudishia kopo. Picha ya Mama ilikuwa imefungwa tumboni mwangu, chini ya nepi, na hakuna aliyetaka kufungua nepi yangu. Mpaka leo wale wawili hawajakubaliana nani alikuwa na akili. Mimi ninachojua ni kwamba watoto wa jirani walikulia kambi ya wakimbizi, Sudani, wakimjua baba yao, na mimi nilikulia kambi hiyohiyo nikimjua fundi wa magwanda.

Ule uso wenyewe, nilipopata akili ya kuuliza, Mama aliniambia aliutia motoni, Midia. Sikumwuliza tena. Kuna mambo ukimwuliza Mama mara mbili anakupa kazi ya kusaga.

Tulirudi Koboko mwishoni mwa miaka ya themanini. Nyumba aliyoiacha baba haikuwa na paa wala milango, muhogo ulikuwa umeota mpaka chumbani. Tukajenga upya kidogo kidogo. Siku tulipomaliza kupaka udongo, Mama alipiga msumari kabla hata hajapanga vyungu, akaitundika picha yenye tundu.

Hapo ndipo watu walipoanza kumsumbua na maneno ya eda. Sisi ni Waislamu, na kwetu mwanamke akifiwa na mume anakaa ndani miezi yake, anavua mapambo, anavaa kitambaa cheupe, wanawake wenzake wanakuja kukaa naye. Mama hakuwahi kukaa eda. Bangili zake za fedha alizovalishwa na baba hazikutoka mkononi, alilima nazo, alifua nazo. Mashangazi wakaja na nasaha. Ndugu yetu amekwenda, wifi, tumsomee, ukae eda, roho ipumzike. Mama akawapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza, "Kaburi iko wapi? Nyinyi mumeona?" Wakatazama vikombe vyao. "Basi kunyweni chai."

Mimi nilikuwa nimeshaukata huo mjadala moyoni. Baba amekufa. Mtu hai hupeleka salamu. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, nao ni uso wake. Nilikuwa nimeanza kuwa msichana mkubwa, na kila nikijitazama kwenye kioo niliona pua ambayo si ya Mama, na masikio yaliyosimama nje, ambayo si ya mtu yeyote wa Midia. Nilikuwa nikitembea na sura ya mtu nisiyemjua. Iliniuma, nasema kweli, iliniuma kuliko njaa ya kambini.

Sasa, miaka ya tisini, mambo yalikuwa yamechafuka tena. Kulikuwa na watu wenye bunduki msituni upande wa mpaka, na kulikuwa na watu wa serikali mjini waliokuwa wakitafuta ndugu za hao wa msituni. Mtu akiuliza "mume wako yuko wapi?" hukujua kama ni salamu au ni kazi yake. Tulijifunza kutojua. Mimi mwenyewe mpaka leo mtu akinisalimia mara mbili, najiuliza ile ya pili ni ya nini.

Katikati ya hayo, akaja mtu wa picha.

Alikuja na sanduku la bati na begi la ngozi, akapewa ukumbi pale mjini. Tukaanza kumchunguza. Kwanza viatu, vilikuwa safi mno kwa vumbi la Koboko. Pili aliandika huku akikusikiliza. Lakini kilichotutisha zaidi ni Kiswahili chake. Kilikuwa kisafi, kimenyooka, kila neno na mavazi yake. Sisi Kiswahili chetu ni cha kambi na soko, tunakikanyaga tunavyotaka na kinatubeba. Kiswahili kisafi kwetu kiliingia mwaka wa sabini na tisa, pamoja na mizinga ya wale wanajeshi. Wazee walipomsikia akisema "ningependa kufahamu" walitazama njia ya kutokea.

Akapita sokoni akitangaza. Alisema kule Arua kulikuwa na studio ya zamani, mpiga picha wake amefariki, na masanduku ya filamu yameokolewa kabla mchwa hawajayamaliza. Amezisafisha picha, amezikuza, atazitundika ukumbini ili watu waone maisha ya West Nile ya zamani. Yeye anataka tu kuambiwa hawa ni akina nani na walikuwa wakifanya nini. Na atakayemtambua mtu wake atapewa nakala ndogo, bure.

Bure! Pale ndipo alipoharibu.

"Bure iko na mwenyewe," Mama alisema jioni ile. "Hapana kwenda."

Jirani alikuwa amekuja kuomba chumvi, akacheka. "Dada, mji mzima utaenda. Wewe ukibaki nyumbani, watauliza kwa nini huyu hapana kuja. Iko na nini ya kuficha?"

Mama akafikiri. Kwa akili zetu za wakati ule, jirani alikuwa sawa kabisa. Kubaki nyumbani ilikuwa ni kujitangaza. Tukakubaliana tutakwenda, tutatazama kama watu wengine, hatutasema neno.

Ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wametoka mpaka Lobule na Ludara kwa baiskeli. Na picha zenyewe, jamani! Wanawake wakipanga majani ya tumbaku, wanacheka, mmoja ana mtoto kwenye ziwa. Timu ya mpira yenye jozi tano za viatu na wachezaji kumi na mmoja. Mzee amesimama kando ya baiskeli mpya, ameishika kama bibi harusi. Vijana na redio. Bibi mmoja mwenye nywele za kusukwa kiasi cha kukuumiza kichwa ukimtazama. Nyingi zilipigwa ndani ya studio, mbele ya pazia lililochorwa ndege yenye ngazi, kila mtu kama anasafiri.

Nilipofika kama picha ya kumi hivi, nikasimama. Kuna kitu nilikuwa nimekiona mara nyingi mno. Ile saa. Mchezaji mpira anayo. Mzee wa baiskeli anayo. Kijana wa redio anayo, hata bibi wa nywele anayo. Saa moja, kubwa, inayong'aa, inahama kutoka mkono hadi mkono. Ilikuwa ya studio! Unaazimwa, unapigwa picha, unairudisha mezani. Baba yangu hakuwa na saa. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu.

Mtu wa picha alikuwa akizunguka na kalamu. Kila alipofika kwenye kundi, kundi lilikuwa limetoka kunong'ona na kusukumana viwiko, huyu si yule aliyemwoa fulani, tazama alivyokuwa mwembamba. Akifika, kimya.

"Mnamfahamu huyu?"

"Apana."

"Na huyu?"

"Mimi hapana jua."

Yule mzee wa baiskeli mwenyewe alikuwa amesimama chini ya picha yake. Kovu lilelile kwenye kidevu, kichwa kilekile, mvi tu zimeongezeka. Mtu wa picha akatazama picha, akamtazama yeye, akamwuliza kwa heshima, "Mzee, huyu si wewe?"

Mzee akainua macho, akaitazama picha taratibu toka juu mpaka chini. "Huyu mutu," akasema, "mimi hapana pata kuona yeye."

Mtu wa picha akaandika chini yake: Hajulikani. Ukumbi mzima ulikuwa hivyo, hajulikani, hajulikani, katika mji ambao mbuzi akipotea tunajua alikolala.

Kisha tukafika kwenye ukuta wa mwisho, na Mama akanishika mkono.

Niliitambua kwa kila kitu isipokuwa kile nilichokuwa nikikitafuta. Kitenge nilikijua, kiti nilikijua, vifungo nilivijua kwa idadi. Macho yangu yalipanda yenyewe mpaka kwenye kola, kama yalivyozoea, yakitegemea udongo. Palikuwa na uso.

Masikio yangu. Pua yangu. Alikuwa mdogo, jamani, karibu rika moja na mimi wa siku ile. Na alikuwa akizuia kicheko, mdomo ameubana, shavu moja limevimba. Mama kwenye picha amekasirika, na yeye nyuma yake karibu apasuke kwa kucheka.

Sasa niambie, unamtazama mtu usiyemjua kwa muda gani? Niliogopa kupepesa macho na niliogopa kutopepesa. Vidole vya Mama vilikuwa vimezama kwenye nyama ya mkono wangu. Mtu wa picha alikuwa ameshafika, nilisikia viatu vyake. Akaitazama picha. Akamtazama Mama, kwa sababu Mama alikuwemo kwenye ile picha, yeye mzima mzima, na macho yake yaleyale ya kulinda kuku.

"Mama," akasema polepole, "huyu aliyekaa si wewe?"

"Apana. Iko mutu ingine."

"Na huyu bwana?"

"Hapana jua."

Kisha akaandika. Nilimwona akiandika neno lilelile chini ya baba yangu, na Mama akanivuta, tukaenda kutazama picha za tumbaku, tukazitazama sana.

Nilijizuia mpaka nyumbani. Mlangoni nikalipuka. Nilimwambia Mama maneno ambayo mtoto hamwambii mama. Nikamwambia amemchoma mara mbili, mara ya kwanza Midia na mara ya pili mbele ya macho yangu. Nikamwambia mtu amekufa zamani, anamficha nani? Nani atamkamata marehemu?

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alikuwa akizizungusha bangili zake.

"Wewe unasema amekufa," akasema. "Ndiyo sababu iko na mdomo mukubwa. Na kama hapana kufa? Kama iko msituni hapo, iko Sudani, iko Zaire anauza samaki? Leo mimi nasema huyu bwana yangu, naandikisha sura yake kwa yule mutu wa viatu. Kesho wanamupata. Nani atakuwa amemuuza? Mimi."

Ndipo nilipoelewa, na nikakaa chini. Miaka yote nilidhani Mama ni mwoga. Kumbe kila aliposema simjui, alikuwa anamlinda mtu anayetarajia kumwona akiingia mlangoni. Yeye peke yake duniani alikuwa bado na mume. Nikaenda kuwasha moto.

Asubuhi niliamka nimeamua. Sitamtaja, nitasema tu nataka nakala, nitatunga uongo. Nikavaa, nikatoka. Nilipopita sebuleni niliona msumari mtupu ukutani. Picha haikuwepo, na Mama hakuwepo shambani wala kisimani. Moyo ukaniambia ameichoma. Nikakimbia nikilia njia nzima, sijui nakimbilia nini.

Nikamkuta ukumbini.

Alikuwa amesimama mbele ya meza ya mtu wa picha, amevaa kitenge chake cha Idi. Mlangoni alikuwa amekaa kijana mmoja mgeni na redio ndogo ya mawasiliano, wa aina ile ambayo siku nyingine ingemrudisha Mama nyumbani mbio. Alimpita. Mezani kulikuwa na bahasha ya zile nakala ndogo, za ukubwa uleule ambao wateja walipewa zamani. Mama alikuwa akisema anataka ile ya bibi harusi.

Mtu wa picha akasita. "Mama, jana ulisema si wewe. Kuna watu wanaweza kudai picha zisizo zao. Lazima niwe na hakika."

Nikataka kumrukia. Kumbe na yeye alikuwa akitushuku sisi!

Mama akalegeza fundo la kitenge. Akatoa picha yetu toka chini ya kitenge, ile iliyotembea ndani ya nepi. Akachagua nakala yake kwenye bahasha, akailaza mezani. Kisha akaishusha yetu juu yake, taratibu, akasawazisha pembe na pembe kwa kucha, kama anavyopanga majani ya tumbaku.

Uso ukaja tunduni. Ukakaa mahali pake pale pale, na kile kicheko chake.

Mtu wa picha aliweka kalamu chini. Nadhani alitaka kusema kitu kwa kile Kiswahili chake, na kikamkatalia. Baadaye ndipo aliuliza, "Ni nani, Mama?"

"Iko bwana yangu. Hii tarumbeta iko yake. Saa ilikuwa ya studio."

"Jina lake?"

"Jina wacha."

Na mimi nimeliacha mpaka leo, hata hapa. Yule mtu akasogeza kiti, akauliza tena, na nilijua anauliza kwa wema, "Yuko hai?"

Mama alimtazama usoni. Kwa mara ya kwanza tangu mtu yule aje mjini, nilimwona mtu wa kwetu akimtazama machoni.

"Kama angekuwa hai," akasema, "mimi ningesimama hapa kukuambia?"

Akazichukua picha zote mbili. Tulirudi, mimi nikimfuata nyuma, na njiani watu walimsalimia akaitikia. Nyumbani hakuzitundika. Alikaa kwenye kigoda, akazivua bangili zake, moja iligoma akaitemea mate ikatoka, akanipa zote nizishike.

"Enda kwa jirani," akaniambia. "Sema anitafutie kitambaa nyeupe."